Sufuria ya Shaba ya Kansanga

Nikutegee kitendawili kimoja kabla hatujaingia jikoni kwa watu, nawe kaa nacho kimya. Kuna bibi mmoja, akivaa kanzu yake ya kijivu hulisha mtaa mzima na hakuna anayeshika tumbo. Siku akivuliwa ile kanzu akabaki anameremeta, waliokula kwake hulala chini. Bibi huyo ni nani?

Usinijibu upesi. Sajini Alum mwenyewe, mpelelezi wa kituo cha Wandegeya, alikuwa hajamjua bado asubuhi ile ya Jumatatu, na Alum hakuwa mtu wa kupitwa na kitu. Alikuwa mwanamke mrefu, mtulivu, mzaliwa wa Lira. Miaka ile ya utawala wa wanajeshi, watu wa kwao Lango waliobaki katika polisi walikuwa wachache, na kila aliyebaki alijifunza kusema kidogo na kusikia sana. Alum alisikia hata yale ambayo wenzake waliyaona upuuzi. Ndiyo maana alikuwa amekaa kimya nyuma ya meza yake, kalamu mkononi, akimsikiliza Mama Farouk akilalamika juu ya redio.

Mama Farouk, jina lake hasa Rahima, alikuwa mwenye duka la vitambaa nyuma ya soko la Wandegeya. Babu zake walikuja Buganda na misafara kutoka pwani, wakaoa, wakazika, wakawa wenyeji. Jumamosi alikuwa amemwoza binti yake. Upande wa bwana harusi walileta Kapteni mmoja wa jeshi awe mgeni wa heshima, maana siku zile harusi isiyo na askari mkubwa kwenye kiti cha mbele ilikuwa kama duka lisilo na mlango. Kapteni alikula biriani, akasifu, akaongezewa. Kabla ya alasiri alikuwa ameinama nyuma ya gari lake anatapika, yeye na walinzi wake wawili na baba wa bwana harusi. Wageni wengine wote, uwanja mzima waliokula pilau, walirudi makwao wakiimba.

Aliyepeleka sinia la biriani kwenye meza ya heshima alikuwa Farouk, mtoto wa kwanza wa Rahima. Na mwezi uliotangulia, Farouk alikuwa amenyang'anywa pikipiki yake kwenye kizuizi cha barabarani na watu wa Kapteni huyohuyo, akasema maneno ya hasira ambayo watu waliyasikia. Basi askari hawakuhitaji kufikiri. Walimbeba Farouk wakamtupa selo ya Wandegeya, na Kapteni, akipakiwa kwenda hospitalini, akaacha amri: asiguswe mpaka yeye mwenyewe ainuke kitandani, aje amchukue amuulize kwa mdomo wake. Daktari alisema atainuka Jumanne. Kila mtu Kampala alijua walioulizwa namna hiyo hurudi vipi nyumbani.

"Mama Farouk," Alum alisema, "mwanao yuko ndani, nawe unanililia redio?"

"Sililii redio, afande. Nalilia dharau. Mwanangu nimemlilia tangu Jumamosi, machozi yake yamekwisha. Haya ya leo ni ya yule mtu wa Kansanga."

Konstebo Ojok, kijana mnene aliyesimama dirishani, aliguna. "Mama, sisi hapa tunatafuta sumu. Redio nenda mweleze mwenyekiti wa mtaa."

"Mwache aseme," Alum alisema. "Mtu wa Kansanga ndiye nani?"

"Abdu, anayekodisha vyombo vya harusi. Viti, maturubai, sufuria. Nilikodi kwake sufuria tatu, mbili za bati jepesi za pilau, na moja ya shaba ya mchuzi wa biriani. Sisi kwetu, afande, biriani hupikwa kwenye shaba. Mama yangu alipikia shaba, na mamaye. Wahindi walipofukuzwa nilidhani sufuria hizo zimeondoka nao, kumbe zimebaki katika duka la Mhindi, sasa ni mali ya Abdu. Nilipoziona zimetundikwa zinang'aa nilitaka kulia. Akataka rehani, nikampa redio yetu. Jana nimemrudishia sufuria zimeoshwa, akachungulia ndani ya ile ya shaba, akaanza kunitukana mbele ya watu. Mimi mchafu. Nimemharibia sufuria, nimeitia nini mpaka imeota kijani. Redio akazuia. Na mimi jana hiyo mwanangu yuko selo, sikuwa na ulimi wa kumjibu."

Kalamu ya Alum ilisimama. "Kijani cha namna gani?"

"Kama kutu, ila kijani. Kilizunguka ndani, pale mchuzi ulipokomea."

"Kilikuwepo ulipoichukua?"

"Wapi. Ungeweza kujitazama meno ndani yake."

Alum aliweka kalamu mezani, akainuka, akachukua kofia yake. "Ojok, washa gari. Tunakwenda jikoni kwa mama."

"Askari walishaipekua nyumba, afande. Walipata kopo la dawa ya panya chumbani kwa Farouk."

"Nimeliona. Karatasi ya kifuniko bado haijapasuliwa. Hata panya hawajalionja."

*

Huko jikoni, nyuma ya nyumba, walimkuta Mahfudha anachagua mchele kwenye ungo. Mahfudha alikuwa wifi yake Rahima, mpishi wa biriani wa ukoo, mwanamke mwenye mabega ya kunyanyulia masufuria na ulimi wa kunyanyulia watu. Alipomwona Alum na sare yake alisogeza kigoda kwa mguu.

"Karibu ukae. Kama umekuja kuniuliza nani alitia sumu kwenye chakula changu, jibu ni hakuna. Ningemvunja mkono."

"Nimekuja kuuliza jinsi ulivyopika," Alum alisema, akakaa.

Mahfudha alimtazama vizuri. Tangu Jumamosi hakuna aliyemuuliza hilo. "Mchuzi nilipika Ijumaa jioni. Nyama, nyanya nyingi, maziwa lala, na ndimu za soko la Kalerwe, kikapu kizima. Biriani yangu haina aibu na ndimu. Mchuzi ukilala hukolea, kwa hiyo ukalala."

"Ulilala wapi?"

"Mumo humo kwenye shaba, na kifuniko juu."

"Hamkuuhamisha?"

"Tuuhamishie wapi, afande, kwenye viatu?"

Rahima alimfinya wifi yake. Alum hakuchukia. Alikuwa ameanza kutabasamu kwa upande mmoja wa mdomo, na waliomfahamu walijua tabasamu lile si la mzaha.

"Jumamosi nani aliuonja?"

"Mpishi ni mimi. Niliuonja baada ya sala ya alfajiri."

"Ukauonaje?"

"Mkali. Niliona ndimu zimezidi, nikatia sukari nikaonja tena, na tena."

"Farouk alikuwa wapi saa hizo?"

"Alitoka na gari la shemeji yake kutafuta barafu, wakarudi wageni wameshakaa. Nilimpa sinia pale mlangoni. Jikoni hakukanyaga. Siku ya biriani mwanamume akiingia humu namtoa na mwiko."

"Na wewe uliyeonja mara tatu," Alum alisema polepole, "hukuugua?"

Mahfudha aliinamia ungo wake. Akatoa kijiwe, akakitupa. Akatafuta kingine ambacho hakikuwepo.

"Wifi," Rahima alisema, "unaulizwa."

"Nimesikia."

"Basi jibu. Mwanangu yuko ndani."

Mahfudha alisukuma ungo kando. "Niliugua. Kabla hata jua halijapanda. Nilikwenda nyuma ya kibanda cha kuku nikatapika mpaka nikashika ukuta, nikasukutua, nikarudi kupika. Kinywani nilikuwa kama niliyemumunya ufunguo."

"Wala hukusema?" Rahima aliuliza.

"Niseme nini, na kwa nani? Wale wanawake wa jikoni unawajua. Mmoja akiniona natapika alfajiri, adhuhuri haifiki mtaa mzima umeshanihesabia miezi. Na mume wangu, kaka yako, yuko Mbale tangu Ramadhani."

Ojok alikohoa kwa nguvu, akageuka kutazama kuku. Rahima alijifunika mdomo na ncha ya leso, na kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi mabega yake yalitikisika kwa kicheko, kisha kikageuka kilio.

"Nilidhani ni uchovu," Mahfudha alisema kwa sauti ya chini. "Baadaye askari walipokuja, nikaogopa watasema mpishi alijua. Nisamehe, Rahima."

Alum alifungua kitufe cha juu cha sare yake, kwa kuwa jiko lilikuwa la moto. Usiku wa Jumamosi alikuwa amezungumza na muuguzi aliyewapokea wagonjwa. Muuguzi alimwambia jambo ambalo daktari hakuliandika: wote wanne walilalamika kitu kimoja, kwamba mdomo una ladha ya senti, kama mtu aliyeramba pesa za shaba. Alum alikuwa amelibeba neno hilo siku mbili bila kujua pa kulitua.

Nje, kwenye gari, Ojok hakuweza kuvumilia. "Basi ni huyu mpishi."

"Mtu atie sumu, kisha aionje mara tatu na kuitilia sukari?"

"Basi mtu mwingine, usiku wa Ijumaa. Mchuzi ulilala peke yake."

"Haukulala peke yake, Ojok. Ulilala na sufuria. Twende Kansanga."

*

Alum alivaa gauni lake la kawaida kabla ya kuingia dukani, Ojok akabaki garini mbali kidogo, chini ya kibao cha baa. Na lazima isemwe, duka la Abdu lilikuwa la kupendeza. Siku zile maduka mengi waliyogawiwa watu baada ya Wahindi kufukuzwa yalikuwa na rafu tupu na buibui. La Abdu lilifagiliwa mpaka nje barabarani. Viti vilipangwa kwa safu kama askari wa gwaride, maturubai yalikunjwa pembe kwa pembe. Abdu mwenyewe alikuwa zamani utingo wa basi la Masaka. Alivaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka mikono ikasimama.

"Karibu, nyabo. Karibu, mama. Harusi ama maziko?"

"Harusi. Ya mdogo wangu. Nataka sufuria kubwa ya shaba."

"Umefika. Hii sufuria yangu, Kampala yote hakuna mwingine anayo." Alishusha moja kwa mikono miwili, akaigeuza mbele yake kama mtu anayeonyesha mtoto mchanga. Iling'aa ndani na nje, nyekundu kama jua la jioni. "Tia mkono, nyabo. Ndani kabisa. Unaona uchafu? Hakuna."

Alum alitia mkono. Ndani ilikuwa laini na tupu kama kioo. Alisifu, na hakuwa anaigiza. Mkono uliofanya kazi ile ulikuwa umefanya kazi kwelikweli. Kupitia mlango wa nyuma alimwona mwenye mkono: mwanamke mwembamba aliyefunga kitenge cha Kikongo, amechuchumaa juu ya jiwe, anasugua sufuria nyingine kwa mchanga na majivu na nusu ya limau, mwili mzima ukienda na kurudi.

"Huyo ni Séraphine," Abdu alisema. "Alikimbia vita huko kwao. Nimempa kazi na mahali pa kulala. Anasugua, weee, mpaka unamhurumia mchanga."

Alum aliinua macho darini. Kwenye ndoana ya juu kabisa, nyuma ya taa, ilining'inia sufuria ya shaba ambayo haikufanana na nyingine. Nje nyekundu, ndani kijivu, kijivu cheupe kilichofifia, kama maji ya mchele.

"Na ile mbona ndani iko vile?"

"Ile bado hatujaifikia. Ndiyo jinsi Mhindi alivyotuachia vyombo, nyabo. Zote zilikuwa hivyo, uchafu umegandia ndani kama ngozi. Huyo mtu alikuwa anapikia watu ndani ya kitu kama hicho, fikiri. Ilichukua siku nyingi kuutoa."

Hapo ndipo Alum alipomjua yule bibi wetu, nawe bila shaka umeshamjua.

Zamani Alum alikuwa mtoto mdogo Lira, mama yake anaosha vyombo kwa Mhindi mmoja mwenye duka la pamba. Kila mwaka alikuja fundi na mvukuto wake, akachimba shimo uani, akawasha makaa. Alizipasha sufuria za shaba mpaka zikawa moto, akayeyusha kitu cheupe ndani, akakizungusha kwa pamba mpaka shaba yote ya ndani ikavaa kanzu ya kijivu. Kalai, waliiita. Watoto walikaa kuangalia kama watu wa sinema. Mama yake alikuwa akiwakanya wasiguse sufuria iliyochubuka, kwa maana shaba tupu na kitu chenye ukali havilali chumba kimoja.

Alitoa kitambulisho chake, akakiweka juu ya sufuria. "Mimi ni Sajini Alum wa Wandegeya. Huo haukuwa uchafu, Bwana Abdu. Ile ni kalai. Ndiyo inayozuia shaba isiingie kwenye chakula. Mmeivua sufuria nguo, kisha mama mmoja akalaza ndani yake mchuzi wa ndimu usiku kucha. Kijani ulichomtukania ni sufuria yako mwenyewe, imeyeyuka ikaliwa na watu."

Abdu alicheka kidogo, akingoja naye acheke. Alum hakucheka.

"Watu gani?"

"Kapteni mmoja wa jeshi na watu wake. Amelazwa. Kijana wa yule mama yuko selo kwa ajili yao."

Abdu alikaa kwenye kimoja cha viti vyake. Jasho lilichomoza kwenye kola ile iliyopigwa pasi. Utingo wa Masaka alijua vizuri kuliko wengi mkono wa jeshi uliompa duka unaweza kufanya nini ukilitaka lirudi, tena na yeye ndani yake.

"Nani aliamuru zisuguliwe?" Alum aliuliza.

"Kusugua si kazi yangu mimi. Muulize huyo Mkongo."

Alum alitoka uani. Séraphine alikuwa ameacha kusugua. Viganja vyake vilikuwa vimepasuka, na vidole vya kulia havikunyooka vyote.

"Mama Séraphine, nani alikuambia utoe ule weupe wa ndani?"

"Mie nafanya ile kazi nimeambiwa, mama."

"Umeambiwa na nani?"

Séraphine alimtazama Abdu aliyesimama mlangoni. Akatazama chumba kidogo cha mabati alimolala. Kisha akatazama mchanga, akawa kama hajui tena Kiswahili.

Alum hakurudia. Alirudi dukani akaagiza vitu vitatu: sufuria aliyorudisha Rahima, ambayo Abdu alikuwa ameiweka pembeni isuguliwe upya, kijani chake bado kimo, sufuria moja iliyosuguliwa, na ile ya kijivu ya darini.

"Nazikodi," alisema. "Mpaka kesho."

Mazoea ya kazi yalimponyoka Abdu kabla hajafikiri. "Bila rehani hapana, nyabo."

"Rehani ninayo." Alipiga mluzi mlangoni, na Ojok akaja anajikung'uta karanga kifuani. "Huyu hapa. Atakaa nawe mpaka asubuhi. Kesho utamrudisha mwenyewe hospitalini kwa Kapteni, akiwa mzima, na Mama Séraphine uje naye, naye akiwa mzima. Umeelewa?"

"Afande," Ojok alisema, "mimi ndiyo rehani?"

"Na ujitunze. Ukipata mkwaruzo hatapokea sufuria."

*

Jioni ile kituo cha Wandegeya kilinukia biriani. Mahfudha alikuja na kikapu cha ndimu, akapika mchuzi wake uleule kwenye sufuria ya bati uani kwa polisi, akaugawa nusu kwa nusu, nusu moja kwenye shaba iliyosuguliwa, nyingine kwenye shaba ya kijivu. Ile aliyorudisha Rahima, yenye kijani, ilifungiwa stoo ya ushahidi. Alum alizifunika, akazifunga kwa utepe, akaweka muhuri wa kituo juu ya kila kifuniko mbele ya mashahidi. Wafungwa walilalamika kwamba wanateswa. Farouk aliuliza kutoka ndani ya selo kama hiyo ni karamu ya matanga yake.

"Nyamaza, mwendawazimu," Mahfudha alimjibu kupitia mlango. "Ni ushahidi. Ukitoka nitakupikia kingine."

Rahima alikuwa amekaa kwenye benchi. Alimtazama Alum akipima kila kitu mara mbili: chumvi sawa, ndimu sawa, kifuniko sawa, moto uleule. Nyumbani kwao watu walihesabiwa kwa jinsi wanavyopika, na yeye alijiambia kimoyomoyo kwamba huyu mwanamke wa Lango angeweza kuachiwa jiko la harusi yoyote.

*

Jumanne asubuhi Kapteni alikuwa ameketi kitandani, amevaa suruali ya jeshi na fulana ya hospitali, buti zimesuguliwa zinamngoja sakafuni. Alikuwa amekonda usoni. Askari wake wengine wawili walisimama mlangoni. Alum alipiga saluti, akaingiza sufuria mbili na mihuri yake. Nyuma yake aliingia Rahima, kisha Ojok, ambaye macho yake yalionyesha amelala kwenye viti vya harusi, kisha Abdu na Séraphine.

"Sajini," Kapteni alisema, "umeniletea chakula?"

"Hapana, afande. Nimekuletea aliyekulisha sumu."

"Huyo kijana nakwenda kumchukua mwenyewe sasa hivi."

"Kijana alishika sinia adhuhuri, afande. Mpishi alionja alfajiri, akatapika alfajiri. Kijana alikuwa ametoka kutafuta barafu. Naomba ukague mihuri kwanza."

Kapteni alikagua. Alikuwa askari, na kazi iliyofanywa kwa utaratibu ilimnyamazisha kidogo. Alum alikata tepe, akafunua ya kwanza, ile ya kijivu. Mchuzi ulikuwa mwekundu wa nyanya, mafuta yameganda juu. Akafunua ya pili. Pembeni, pale mchuzi ulipogusa shaba, palikuwa na ukanda wa kijani, mwembamba kama ushanga.

Akamweleza. Alieleza kwa maneno machache, kalai ni nini, ndimu hufanya nini, kwa nini waliokula pilau ya sufuria za bati jepesi hawakuguswa, na kwa nini meza ya heshima ndiyo iliyoumia, maana ndiyo peke yake iliyopewa kilicho bora.

"Maneno mazuri," alisema mwishowe. "Na mimi nitajuaje si maneno?"

"Chovya ncha ya kidole, afande, uguse ulimi. Usimeze. Mimi natangulia." Alum alichovya kwenye sufuria zote mbili, akagusa ulimi, akatema kwenye beseni, akajifuta kwa leso bila kukunja uso.

Askari wa mlangoni waliangaliana. Kapteni alinyoosha mkono, akachovya ya kijivu. Akatikisa kichwa, hamna kitu. Akachovya ya pili. Alipogusa ulimi alifumba macho, akatema.

"Ndiyo," alisema. "Ndiyo hiyo. Senti."

"Sajini, wewe unajua kazi," Kapteni alisema, na neno hilo hakulitoa ovyo. "Nimekula kiapo na watu wengi, wachache wangebeba mchuzi mpaka hapa. Lakini sufuria haijisugui yenyewe. Mimi nimelala hapa siku tatu, nimetapika mbele ya watoto wadogo. Nataka mtu. Nikisikia kutoka mdomoni mwake yeye mwenyewe, yule kijana atalala kwao leo. Nisiposikia, nilikuwa na kijana, na kijana nitabaki naye." Aligeuza macho, akapita kwa Rahima, akapita kwa Abdu na shati lake jeupe, akatua kwenye vidole vilivyopasuka. "Nani aliamuru zisuguliwe? Huyu?"

Séraphine alificha mikono ndani ya kitenge. Askari mmoja aliacha mlango, akasogea hatua moja kuelekea kwake, na Ojok, rehani wa watu, bila kuambiwa na mtu akajikuta amesimama katikati.

"Bwana Abdu," Alum alisema, kwa sauti ileile aliyoitumia dukani, wala hakuipandisha. "Nilikuuliza jana."

Abdu alikuwa anatazama buti za Kapteni. Alipandisha kola yake, akaishusha. Rahima, mwanamke aliyetukanwa naye mbele ya watu Jumapili, alimtazama bila chuki yoyote, kwa sababu hakubakiwa na nafasi ya chuki. Alimtazama kama mtu anavyotazama mlango.

"Mwacheni huyo mama," Abdu alisema. Sauti ilitoka nyembamba, akaikohoa ikanenepa. "Siku ya kwanza alisugua, akaniletea, akasema, bwana, zimekuwa safi, zimetosha. Mimi ndiye niliyemwambia bado. Nikamwambia azidi, mpaka ule weupe wote utoke."